Sekunde Kumi na Moja

Betri tatu nimelala nazo kifuani,
ndani ya koti la manyoya ya kondoo, kama vifaranga.
Hata hivyo ya kwanza imekata roho
kabla mapanga hayajapata moto.
Tuguldur anacheka, masharubu yameota barafu.
Saa mbili asubuhi, na bado ni usiku:
jua la Januari hapa Ulaanbaatar
halitoki bila kubembelezwa.

Ya pili inakubali.
Droni inapiga chafya, inapanda,
inatuacha kilimani na mbwa wa watu
wanaobwekea mahali ilipokuwa.
Vidole nimevivua glavu ili vibonyeze;
baada ya dakika mbili si vyangu tena,
naviongoza kwa macho.

Kwenye skrini ya upana wa kiganja
mji hauna miguu.
Majengo marefu ya katikati, ya vioo, ya mabenki,
yamekaa juu ya moshi,
meno juu ya ufizi wa kijivu.
Chini yake tupo sisi wengine:
mahema ya sufi, nyua za mbao,
majiko yanayokula makaa ya mawe tangu Oktoba.
Kisha jua. Halikuchomoza, lilivuja,
rangi ya chai iliyosahauliwa,
likaanza na winchi ya ghorofa lisilokwisha,
likashuka dirisha kwa dirisha,
na Tuguldur akasahau kucheka.

Dakika tisa. Betri ikalia. Nikairudisha.

Usiku, mtoto kalala nyuma ya pazia, nakata.
Natupa upepo uliotikisa picha, natupa mbwa,
natupa kivuli cha droni yenyewe kikikimbia juu ya mapaa
kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.
Mteja, Bwana Battsengel wa hoteli mpya,
anataka sekunde tisini za ukumbi wa mapokezi.
Ujumbe wake mfupi: Nzuri sana. Toa moshi.

Kuna kitelezi cha kazi hiyo.
Nakivuta kulia kwa kidole kimoja
na kipupwe chote kinahama mji.
Waliosema panapofuka moshi pana moto
hawakuwa na kompyuta hii.
Anga limekuwa bluu ya sabuni ya unga,
dohani zimesimama midomo wazi
kama watu waliokatizwa usemi.

Nilikuwa karibu kuhifadhi.
Ndipo, kona ya chini kushoto, mlango wa rangi ya chungwa:
Dulmaa, jirani yetu wa ua wa tatu,
katoka na kijiko chake cha mbao
kuirushia mbingu chai ya maziwa, ile ya kwanza,
kabla yeye mwenyewe hajaonja.
Mkono unapanda. Kijiko kinapinduka.
Hakitoki kitu.

Narudia. Hakitoki kitu.
Mashine haijui maziwa;
imeona weupe unaofuka, ikadhani ni uchafu,
ikafuta sadaka pamoja na masizi.

Nikakirudisha kitelezi kushoto.
Moshi ukarejea wote na ubaya wake,
na maziwa yakaruka,
uzi mweupe uliosimama hewani kitambo
ukielekea, naapa, kwenye jicho la kamera.
Alikuwa akilipa deni lake kwa mbingu,
na aliyekuwa juu ni mimi.

Sijasema moshi ni mzuri.
Mwanangu anakohoa nyuma ya pazia hivi sasa,
kikohozi kikavu ninachokijua hadi kinapoishia.
Battsengel nimempelekea anga lake la bluu
bila ile kona, bila sekunde zile kumi na moja,
kwa sababu makaa hayanunuliwi kwa huzuni.
Zile nimezibakiza kando, na moshi wake.

Jiko limepoa. Nafungua kimlango chake,
natia makaa mawili, nasubiri yashike.
Betri kwenye chaji zinanikonyeza kijani.
Kesho nitampelekea Dulmaa aone,
na najua atakaloniuliza, kabla ya yote:
mbona hukubisha hodi?